Aliyesingiziwa Umlangamia: Historia ya Kaktasi Inayoning'inia



Siku hizi ukitazama picha za vyumba vya maharusi hukosi kuona chungu kimetundikwa kwa kamba karibu na dirisha, na ndani yake mmea unaomwaga nyuzi za kijani kuelekea chini kama nywele zilizofunguliwa. Aina zake ni nyingi. Leo nataka tuzungumze habari za mmoja tu, kwa sababu historia yake inatugusa kuliko tunavyodhani. Jina lake la kitaalamu ni Rhipsalis baccifera. Ni kaktasi, ndugu wa mpungate ule wenye miba tunaoujua, lakini huu ukishakomaa hauna miba ya kuchoma. Hauna majani pia. Ni nyuzi tupu za duara, nyembamba kuliko penseli, zinagawanyika na kugawanyika tena, na zikiachwa zinaning'inia hadi mita kadhaa. Kwenye nyuzi hizo hutoka maua madogo meupe ambayo mtu anaweza kupita asiyaone, kisha matunda madogo meupe yanayopenyeza mwanga, mithili ya lulu zilizotungwa.

Mmea huu uliwahi kupewa jina la mnyonyaji, na haukuwa mnyonyaji. Tuanzie hapo.

Jina la kusingiziwa

Anayeijua pwani yetu anaujua mlangamia. Ni zile nyuzi za manjano na kijani zinazotambaa juu ya vichaka na miti karibu na bahari, hazina jani wala mzizi ardhini ukishakua, zimejifunga kwenye mti wa watu. Kila pale uzi unapogusa tawi, mlangamia hutoa kijinywa kidogo kinachotoboa gamba na kufyonza maji na chakula cha mwenyewe. Mti ukizidiwa, hudhoofu. Ndiyo maana mtu anayeishi kwa jasho la wenzake husemwa vibaya kwa mfano wa mimea kama hii.

Wataalamu wa mimea wanauita mlangamia Cassytha filiformis. Nao una matunda madogo ya mviringo.

Sasa twende London, miaka ya 1770. Alikuwapo huko mchoraji mmoja mzaliwa wa Nuremberg, Ujerumani, jina lake Johann Sebastian Müller, ambaye Waingereza walimwita John Miller. Alikuwa anatoa kitabu kikubwa cha michoro ya mimea kueleza mpango wa Linnaeus wa kuigawa mimea katika makundi. Katika michoro hiyo akauweka mmea wetu: nyuzi zisizo na majani, na matunda madogo meupe. Akauita Cassytha baccifera, yaani, kwa lugha yetu, mlangamia wenye matunda.

Mtu akitazama kwa macho tu anaweza kuelewa kwa nini. Nyuzi kwa nyuzi, tunda kwa tunda, huyu na yule wanafanana. Na msituni mmea huu huonekana umekaa juu ya mti mwingine, mizizi yake imeshika gamba la tawi. Nani asingesema kwamba unafyonza?

Lakini haufyonzi. Mizizi yake hushikilia tu. Haitobói gamba, haiingii kwenye mishipa ya mti. Chakula chake unakipata kwenye majani yaliyooza yaliyonasa katika panda za matawi, kwenye vumbi na kinyesi cha ndege, na maji yake ni ya mvua na ukungu, ambayo unayaweka akiba ndani ya nyuzi zake nene. Mti unampa pa kukaa, basi. Kila kingine anakuja nacho au anakitafuta mwenyewe.

Mwaka 1788 Mjerumani mwingine, Joseph Gaertner, bingwa wa elimu ya matunda na mbegu, aliutoa katika kundi la mlangamia na kuupa kundi lake wenyewe, Rhipsalis, jina linalotokana na neno la Kigiriki la vijiti vya kusukia vikapu. Hata hivyo, jina la pili alilolitumia bado lilikuwa na mwangwi wa lile la Cassytha. Shutuma ilikuwa imeondolewa mbele, ikabaki nyuma. Ilipofika mwaka 1939 ndipo Mwingereza William Stearn akaliunganisha jina linalotumika hadi leo, Rhipsalis baccifera, na mlangamia ukatoka kabisa katika jina hilo. Hesabu wewe mwenyewe: zaidi ya miaka 160 tangu mchoro wa Miller.

Na hata leo si kwamba imekwisha. Waingereza mitaani bado wanauita kwa jina la kirukia, ule mmea unaoota juu ya miembe na kuifyonza, kwa sababu tu matunda meupe yanafanana.

Kuna jambo jingine hapa ambalo linanifurahisha. Mlangamia wa kweli, yule mfyonzaji, ni wa ukoo mmoja na mdalasini na mparachichi. Ndiyo, ndugu zake ni hawa tunaowatia kwenye pilau na kwenye juisi. Na mmea wetu, asiyemgusa mtu, ni wa ukoo wa miba ambao watu wanauogopa. Ukoo peke yake haukuambii mtu atakuwaje akifika kwako.

Aliivukaje bahari?

Kuna aina zaidi ya elfu moja za kaktasi duniani. Zote kwao ni Amerika. Kila kaktasi nyingine unayoiona Afrika, Uarabuni au India, mpungate ukiwemo, ililetwa na mkono wa mtu. Isipokuwa moja. Rhipsalis baccifera huota porini Amerika ya kitropiki, na pia huota porini Afrika, Madagaska, visiwa vya Bahari ya Hindi, hadi Sri Lanka. Hapa kwetu Tanzania upo katika misitu ya Usambara, na upo Kenya, na unateremka hadi Afrika Kusini. Ndiyo kaktasi pekee inayohesabiwa kuwa mwenyeji wa upande huu wa dunia bila ya kupandwa.

Wataalamu wamebishana juu ya safari hiyo kwa muda mrefu, na hoja kubwa ni tatu.

Ya kwanza inasema kwamba ulikuwapo tangu zamani sana, Afrika na Amerika ya Kusini zilipokuwa bara moja. Hoja hii imedhoofika. Mabara hayo yalitengana yapata miaka milioni 100 iliyopita, na kaktasi kama ukoo ni changa zaidi, hukadiriwa kuwa na miaka milioni 30 hivi au zaidi kidogo. Haiwezekani kupanda jahazi lililokwisha kuondoka.

Ya pili inasema mabaharia ndio waliouleta. Hii kwetu inaingia akilini haraka. Mwezi wa Aprili 1500 merikebu za Mreno Pedro Álvares Cabral zilifika Brazil, na miezi michache baadaye zikawa Kilwa na Malindi. Njia ya kutoka Brazil kuja Bahari ya Hindi ikawa imefunguliwa, na kupitia Wareno na waliowafuata vikaja vitu ambavyo leo hatuwezi kupika bila yavyo: muhogo, mahindi, pilipili, na pia mapapai, mananasi na korosho. Mwenye kutazama jiko la Kiswahili anaona Amerika imejaa ndani yake. Basi kwa nini isiwe na kaktasi hii ilikuja vivyo hivyo, imenasa kwenye mche au imebebwa kwa uzuri wake?

Lakini kuna kipingamizi. Mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Barthlott aliuchunguza mmea huu kwa miaka mingi, wa huku na wa kule, na akaonyesha kwamba haufanani sawasawa. Wa Amerika kwa kawaida una seti mbili za kromosomu, na wa Afrika umekutwa na nne. Ule wa Madagaska una aina yenye vinywele vigumu kwenye nyuzi, tofauti na wa bara. Wa Kilimanjaro na sehemu za Afrika Mashariki hutoa matunda mekundu badala ya meupe. Tofauti za namna hii kwa kawaida huhitaji muda mrefu kuliko miaka 500.

Ndipo hoja ya tatu, ambayo wengi wanaipa uzito zaidi: ndege. Tunda la mmea huu lina ute unaonata, na ndani yake mna mbegu nyeusi ndogo sana. Ndege hulipenda. Mbegu hunata kwenye mdomo, kwenye miguu, kwenye manyoya, au humezwa na kutoka na kinyesi. Akipeperushwa na dhoruba, ndege mmoja anatosha. Na ua la mmea huu linaweza kujichavusha lenyewe, kwa hiyo hata mbegu moja iliyoangukia kwenye tawi la mti wa ugenini ingeweza kuzaa ukoo mzima. Ugumu ni umbali: kati ya Brazil na Afrika Magharibi, pale penye wembamba, ni karibu kilomita 3,000 za maji. Ni safari ya mara moja katika maelfu ya miaka. Lakini ilihitajika mara moja tu, au chache.

Linganisha sasa na mpungate. Huo uliletwa na watu, kwa ua la kuzungushia na kwa matunda, na katika sehemu kama Laikipia, Kenya, umeenea mpaka ukaharibu malisho na kujeruhi midomo ya mifugo. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, wote wageni kwa asili, mmoja ameingia msituni akakaa kwa adabu juu ya tawi na mwingine ameitwaa ardhi. Kwa hiyo kuuliza "umetoka wapi?" hakutoshi. Swali lenye maana ni "unaishi vipi ulipofika?"

Namna ya kuutunza nyumbani

Wengi wanaununua, wanasikia neno kaktasi, wanauweka juani na kuusahau bila maji. Ndiyo njia ya haraka ya kuukausha. Kumbuka ulikotoka: si jangwani, ni juu ya mti, kivulini, kwenye unyevu na hewa inayopita. Ukishika hilo, mengine yanafuata.

*Kwanza hakikisha ndio wenyewe.* Mnyaa, ambao wengine huuita utupa, nao una vijiti vya kijani visivyo na majani, na watu huwachanganya. Vunja ncha ndogo. Mnyaa hutoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia machoni ni hatari kubwa. Mmea wetu hutoa maji maangavu tu. Upo pia mmea mwingine wa Afrika Kusini wenye majani ya mviringo kama punje za njegere, nao huuzwa kwa sifa ya kufanana na lulu. Huo una sumu ukitafunwa, basi uwe mbali na watoto na paka.

*Mwanga.* Utundike penye mwanga mwingi usio wa jua kali: barazani, uani chini ya paa, au dirisha linalopata jua la asubuhi. Jua la mchana huzigeuza nyuzi kuwa za manjano au nyekundu. Ukiwekwa gizani sana, nyuzi hurefuka zikiwa dhaifu na hazitoi maua.

*Udongo.* Usitumie udongo mzito wa shamba. Chukua vipande vya makumbi ya nazi, vipande vidogo vya makaa, na mboji kidogo. Makumbi yaloweke siku kadhaa na kubadilisha maji mara kwa mara, kwa sababu huwa na chumvi, hasa yale yaliyokaa karibu na pwani. Chungu kiwe na matundu ya kutosha na kisiwe kikubwa, kwani mizizi yake ni michache na hupenda kubanwa kidogo.

*Maji.* Ingiza kidole. Ukiona juu pamekauka kiasi cha pingili moja, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Nyuzi zikisinyaa, una kiu. Zikilainika na kuwa nyeusi karibu na udongo, umezidishiwa. Wakati wa kaskazi, joto likiwa kali, utahitaji maji mara nyingi zaidi, na wakati wa masika ukiwa nje uchunguze usilowe siku nyingi mfululizo.

Sisi wa visiwani tuna shida yetu: maji ya visima vingi yana chumvi. Mmea uliozoea mvua hauyavumilii kwa muda mrefu, ncha huanza kukauka. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo na uyaweke kwa ajili yake. Na kama nyumba yako inatazama bahari, usiutundike upande unaopigwa na upepo wa chumvi moja kwa moja.

*Wadudu.* Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya nyuzi, ni wadudu wanaofyonza. Hao sasa ndio wanyonyaji wa kweli. Wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, rudia baada ya siku chache.

*Kuuzidisha.* Kata uzi wa urefu wa kidole hivi, uache kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke, kisha uchomeke kwenye mchanganyiko wenye unyevu. Baada ya wiki kadhaa utakuwa umeshika. Chomeka nyuzi tano au sita katika chungu kimoja kipate kujaa. Kwa mbegu inawezekana pia: minya tunda lililoiva, osha ute, weka mbegu juu ya udongo bila kuzifukia, na uwe na subira.

Jambo moja naomba tulishike. Usimtume mtu akakuchumie msituni. Misitu ya Usambara imeshatoa mengi. Lile ua maarufu la zambarau linalopendwa madirishani Ulaya na Marekani lilichukuliwa huko na Wajerumani katika miaka ya 1890, na leo porini baadhi ya aina zake ziko hatarini kwa sababu misitu imepungua. Kipande kimoja kutoka kwa shoga yako kinatosha. Mmea mmoja ulioshamiri unaweza kugawiwa mtaa mzima.

Kwa biharusi, na kwa wanaompokea

Nimechagua mmea huu kwa ukurasa wetu kwa sababu ya jina lile la kwanza.

Binti anapoingia nyumba ya watu huja na macho ya kutazamwa. Akikaa kimya, anaringa. Akizungumza, ana mdomo. Akiletewa kitu na mumewe, amekuja kufyonza mali ya mtoto wa watu. Huenda ana kazi yake, ana akiba yake, ana mahari yake ambayo ni haki yake peke yake, na hajagusa cha mtu. Lakini kwa kuwa amekaa juu ya tawi la wengine, anafananishwa na mlangamia, na likishatamkwa, neno hilo linaweza kumfuata miaka. Mmea ulichukua zaidi ya karne moja na nusu kusafishwa jina, na wenyewe hauna moyo wa kuumia.

Kwa hiyo wewe mama mkwe, wewe wifi, wewe jirani: kabla ya kumpa mtu jina, tazama mizizi yake inafanya nini. Gaertner hakutegemea sura. Alipasua tunda akaangalia ndani. Dini yetu imetukataza dhana mbaya kwa sababu madhara yake hayarudishiki kwa urahisi.

Na wewe biharusi, mmea huu unakupa kazi vilevile. Haukushinda shutuma kwa kelele. Ulikaa ukaishi ulivyo, tawi likabaki zima, na mwenye kuja kuchunguza akakuta mti haujadhurika. Chukua pa kukaa kwa shukrani, tafuta riziki yako ya halali, usimdhoofishe aliyekupa nafasi. Kisha uzae matunda yako.

Tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Matunda ya mmea huu ni madogo, hakuna mtu atakayeshiba. Lakini chozi akija barazani kwako akadonoa kimoja, umeshaandikiwa. Na nani ajuaye ile mbegu inayonata mdomoni mwake atakwenda kuifuta kwenye tawi gani.

Wenye vipande vya kugawa, wagawieni wenzenu kabla ya masika. Wassalaam aleikum.